Baridi ya Kuazima

Mashine hii ilinifikia badala ya pesa. Nilikuwa nimemwandikia jamaa fulani makala 6 za kuuzia vyombo vya jikoni mtandaoni. Nikangoja malipo miezi 3, mwishowe akanitumia mtu wa boda na katoni. Ndani kulikuwa na bakuli zito, mwiko wa plastiki, na mota ndogo inayokaa juu ya bakuli kama kofia. Mashine ya aiskrimu, ya kuweka juu ya kaunta. "Hiyo inapita deni lako," akaniandikia.

Mimi sina kaunta. Nina chumba kimoja ghorofa ya 3 hapa Gatongora, mtungi wa gesi wa kilo 6, na meza moja ya kuandikia, kulia na kukatia sukuma. Nikafungua kijitabu cha maelezo. Bakuli lina kuta mbili, na katikati yake kuna maji maalum ambayo lazima yagande kabisa kwanza. Ukishamimina maziwa, ile baridi iliyofungiwa ukutani ndiyo inayoyagandisha huku mwiko ukikoroga. Kwa hivyo bakuli lazima lilale kwenye friza saa 24.

Friza sina. Hata friji sina. Basi kwa wiki 2 bakuli langu likalala kwenye friza ya bucha iliyo chini ya ploti yetu, katikati ya matumbo na vichwa vya mbuzi, kwa shilingi 50 kila usiku. Kila jioni nikishuka ngazi kulichukua nilikuwa najiuliza: mashine ya kujitengenezea mwenyewe nyumbani, halafu baridi naazima kwa mtu?

Nilisoma historia chuoni hadi mwaka wa 3, kisha nikaacha. Karo iliisha, na nguvu ya kudanganya watu kwamba haijaisha ikaisha pia. Miaka hiyo mitatu nilifundishwa pembe za ndovu, utumwa, reli na Hali ya Hatari. Hakuna siku mtu alisimama mbele ya darasa akasema leo tunasoma baridi. Lakini wacha nikuambie, baridi ina historia, na kipande chake kinapita hapa Ruiru.

Tuanze na maneno, kwa sababu maneno ni ya bure. "Barafu" lilikuja na bahari. Ni neno la Kiajemi, barf, maana yake theluji. "Theluji" na "baridi" ni za Kiarabu. "Sharubati" nayo inatoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kunywa, ukoo uleule ambao kupitia kwa Waturuki uliwapa Wazungu neno sorbet. Fikiria hilo kidogo. Watu wa Lamu na Mombasa, ambako maji hayagandi hata mtu aombe, walikuwa na jina la barafu kabla ya kuwa na barafu yenyewe.

Bara ilikuwa kinyume. Theluji ilikuwepo, ikionekana kwa macho, na wageni ndio waliobishana kama ipo. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai kwa miguu, aliona kitu cheupe kileleni mwa Kilimanjaro. Akamuuliza kiongozi wake wa safari. Yule hakuwa na hadithi ndefu, alisema ni baridi. Mwaka uliofuata mwenzake, Ludwig Krapf, akauona Mlima Kenya kutoka upande wa Ukambani. Habari zilipofika London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alisema theluji karibu na ikweta haiwezekani. Akaendelea kubisha kwa miaka.

Kuwa na theluji mlimani na kuwa na baridi jikoni ni mambo mawili. Ili maziwa yawe aiskrimu, lazima uyatoe joto haraka, tena ukiyakoroga, la sivyo yatakuwa jiwe lenye sukari. Maji ndani ya maziwa yakiganda polepole hufanya chembe kubwa, na ulimi unasikia mchanga. Yakiganda haraka yakikorogwa, chembe zinabaki ndogo na hewa inaingia, ndiyo unapata ule ulaini. Tena sukari inazuia maziwa yasigande kwenye nyuzi 0, kwa hivyo barafu peke yake haitoshi. Unahitaji kitu baridi kuliko barafu.

Jibu lilikuwa chumvi. Changanya barafu na chumvi, barafu itaanza kuyeyuka. Lakini kuyeyuka kunahitaji joto, na joto hilo linanyonywa kutoka kwa chochote kilicho karibu. Mchanganyiko ukikaa sawa unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Muda mrefu kabla ya haya kuelezwa kwa fizikia, watu walikuwa washajua kwamba baadhi ya chumvi huleta baridi. Tabibu na mwandishi wa Dameski, Ibn Abi Usaybi'a, katika karne ya 13 aliandika kuhusu kupoza maji kwa shura, ile chumvi inayotengenezewa baruti. Karne ya 16, India, jumba la mfalme Akbar lilipoza maji ya kunywa kwa shura hiyohiyo. Kutoka India pia tulipata kulfi, maziwa yanayochemshwa hadi yapungue na kuwa mazito, kisha yanagandishwa bila kukorogwa. Ukienda Ngara au Parklands leo bado utaipata.

Kwa miaka mingi ukitaka aiskrimu ulizungusha kwa mkono mkebe wa chuma ndani ya ndoo ya barafu na chumvi, ukisimama kila mara kukwangua pembeni. Ilikuwa kazi ya watumishi, na utamu wa mabwana. Septemba 1843 mwanamke wa Philadelphia, Nancy Johnson, alipata hataza ya mashine yenye mpini wa kuzungusha na mwiko ndani ya mkebe. Mwaka 1885, London, Agnes Marshall alitoa mashine yake mwenyewe pamoja na kitabu kizima cha mapishi ya aiskrimu. Mwaka 1897 Alfred Cralle, Mmarekani mweusi aliyefanya kazi hotelini Pittsburgh, alichoka kuona aiskrimu ikinata kwenye vijiko, akabuni kile chombo cha kuchotea kwa mkono mmoja. Muundo ule unatumika hadi leo. Halafu katikati ya miaka ya 1980 mashine ya Kijapani iitwayo Donvier ikaingia jikoni za Marekani, nayo ikaondoa ndoo na chumvi kabisa: bakuli la kuta mbili, unaligandisha kwenye friza, unazungusha. Mashine yangu ni mjukuu wa hiyo, na mota juu yake.

Ona kilichotokea, lakini. Kila mmoja wao alirahisisha kukoroga. Baridi yenyewe bado ilitoka mahali pengine. Mashine ya Johnson ilingoja barafu iliyokatwa kwenye maziwa ya kaskazini wakati wa majira ya baridi, maziwa ya maji, si ya ng'ombe. Kulikuwa na tajiri wa Boston, Frederic Tudor, aliyeipakia barafu hiyo melini kuanzia 1806, na kufikia 1833 alikuwa ameifikisha Calcutta. Bakuli la Donvier linangoja friza, na friza inangoja stima.

Na stima ndiyo inayoturudisha nyumbani.

Historia ya umeme Kenya husimuliwa ikianzia kwa Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ambaye mwaka 1875 inasemekana alipata jenereta ya kuwasha jumba lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 jenereta hiyo ikanunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na Mombasa ikapata kampuni yake ya umeme. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hirtzel alipewa haki ya kuuzia Nairobi umeme, peke yake. Mwaka 1922 kampuni hizo mbili ziliungana.

Unajua umeme wa Nairobi wa miaka hiyo ya mwanzo ulitoka wapi? Maporomoko ya mto Ruiru. Huu mto wetu. Maji yalianguka huku, taa zikawaka kule. Baadaye ukajengwa mtambo mwingine mto Thika, huko Ndula. Bwawa la Ruiru, huko juu mtoni, nalo likaanza kupeleka maji ya kunywa Nairobi. Mimi nimekulia hapa, na nyumbani kwa shosho taa ilikuwa ya mafuta hadi nilipoanza shule.

Halafu maziwa. Mwaka 1925 walowezi waliunda ushirika wao wa maziwa, Kenya Co-operative Creameries, KCC. Biashara kubwa ilikuwa siagi: maziwa yalipitishwa kwenye mashine ya kutenga malai, malai yakaenda kiwandani, na yale mepesi yaliyobaki mara nyingi yakapewa ndama na nguruwe. Wakulima wengi Waafrika walikuja kufunguliwa mlango wa kupanda kahawa na kufuga ng'ombe wa gredi na Mpango wa Swynnerton wa 1954, tena katikati ya Hali ya Hatari. Bodi ya Maziwa ya Kenya ikaja 1958. Mwaka 1979 Rais Moi alitangaza maziwa ya bure kwa shule za msingi, na babangu ni mmoja wa wale watoto. Hadi leo akikumbuka Maziwa ya Nyayo, anakuonyesha kwa vidole umbo la ile pakiti ya pembe tatu. Mwaka 1992 serikali ikaachia soko, ukiritimba wa KCC mijini ukaisha, na mwaka uliofuata Brookside ikaanza kazi hapahapa Ruiru. Leo malori ya maziwa yanapita barabarani mchana na usiku.

Kwa hivyo angalia ramani. Umeme, maji, malai. Vyote vitatu vya kutengenezea aiskrimu vimetoka upande huu kwa miaka mingi. Aiskrimu yenyewe ilikuwa inarudi kwa baiskeli, kwenye sanduku lenye kengele, kwa bei ambayo mama alikuwa anaiangalia halafu anasema, "Hiyo inaleta homa."

Sisi tulikula barafu ya nailoni. Kila mtaa ulikuwa na mama mmoja mwenye friji, na friji hiyo ilikuwa benki yake. Maji, sukari, rangi nyekundu, nailoni nyembamba iliyofungwa fundo. Shilingi 5. Unang'ata kona, unanyonya hadi rangi yote itoke, unabaki na kipande cheupe kisicho na ladha, na unakitafuna pia kwa sababu umelipia. Agosti 28, 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, mama wa mtaa wetu alihamia vikombe, bei ikapanda, watoto wakapungua. Ilikuwa sheria nzuri, sibishi. Nasema tu kwamba biashara nyingine hufa bila mtu kuandika tanzia.

Sasa nikwambie kwa nini nilikuwa nalipa shilingi 50 kwa usiku.

Shosho anaishi dakika 12 kwa miguu kutoka kwangu. Ana kiploti kilichobaki katikati ya maghorofa, alichopata na guka kwa hisa za kampuni ya kununua ardhi miaka ya sabini. Kabla ya hapo alikuwa mchuma kahawa kwenye shamba la Mzungu upande huu. Mimi nimepewa jina la guka, kwa hivyo huniita "mzee wangu". Mwaka 2018 nilipoitwa chuo, shosho aliuza ng'ombe wake wa mwisho, Freshian aliyeitwa Sande kwa sababu alizaliwa Jumapili. Pesa ya Sande ndiyo iliyolipa mwaka wangu wa kwanza. Nilipoacha chuo sikumwambia. Baba alijua, mama alijua, wote wakasema hiyo ni kazi yangu. Nikafanya kitu rahisi zaidi: nikaacha kwenda kwake. Nilikuwa na miezi 4 sijaingia lango lake, na kila nikienda stejini napita njia ya nyuma.

Halafu mama akaniambia shosho ameng'olewa meno, hali vizuri, anakunywa uji tu. Nikaangalia katoni.

Niliharibu mara 4. Mara ya kwanza bakuli halikuwa limeganda vya kutosha, nikapata maziwa baridi. Ya pili nilipunguza sukari ili niokoe pesa, ikawa jiwe. Ya tatu sijui nini kilitokea, ilinuka mbuzi. Ya nne nilikoroga kupita kiasi, malai yakaanza kuwa siagi, KCC ya 1925 kwenye meza yangu. Ya tano ikakubali: maziwa ya ATM ya duka la kona nusu lita, krimu robo lita, sukari gramu 150, chumvi kidogo sana, iliki iliyopondwa. Nikapanga Jumamosi niipeleke.

Jumamosi asubuhi stima ilipotea. Transfoma ya mtaa ilikuwa imelipuka usiku. Mwenye bucha alikuwa amesimama mlangoni akipigia wateja simu, anauza nyama nusu bei. Bakuli langu lilikuwa linatoa jasho. Juu nilikuwa na mchanganyiko ushachemshwa, umepoa, na krimu ya shilingi nyingi ndani yake. Hadi jioni ungekuwa umeharibika.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ninajua kitu. Nilipanda matatu hadi Ruiru mjini, kwa mama anayeuza samaki, nikanunua barafu kilo 4. Nikapitia dukani, nikachukua chumvi kilo moja na nusu. Chombo cha kuzungushia sikuwa nacho. Nilijua ni nani anacho.

Shosho alikuwa amekaa nje, kwenye jua. Hakuuliza nilikuwa wapi. Aliangalia mfuko wa barafu unaodondoka maji, akasema, "Mzee wangu, umeanza kuuza samaki?"

Nikamwambia nataka mkebe wa Sande. Ule mkebe wa aluminiamu wa lita 2, wenye mfuniko na mshikio, aliokuwa anakamulia. Aliutoa ndani, umefungwa kwa kitambaa, msafi kana kwamba ng'ombe yuko nje anangoja. Nikamimina mchanganyiko, nikafunga, nikausimamisha ndani ya ndoo, nikapanga barafu na chumvi pembeni, tabaka kwa tabaka. Kisha nikashika mshikio nikaanza kuzungusha, kushoto, kulia. Baada ya dakika 10 mikono ilikuwa inauma na nje ya ndoo kulikuwa na umande mweupe. Shosho akaugusa kwa kidole, akakitoa haraka.

"Huyo Mzungu alikuwa na mashine ya malai," akasema. "Mama alikuwa anaizungusha hivyohivyo. Sisi watoto tulikuwa tunapewa ule mwepesi, kama umebaki. Malai sikuwahi kuyaonja nikiwa mtoto. Nilikuwa nayajua kwa harufu."

Nikafungua, nikakwangua pembeni kwa mwiko. Ilikuwa imeanza kushika. Nikampa kijiko kidogo. Aliifunga mdomoni muda mrefu, macho yakiangalia ukuta wa ghorofa la jirani, akaimeza.

"Maziwa umenunua pesa ngapi?"

Nikamwambia.

"Eh. Sande angekupa bure."

Nilijua ni sasa au sitasema tena. Nikashika mshikio ili nisimwangalie, nikamwambia kwamba chuo niliacha. Kwamba ni zaidi ya mwaka. Kwamba pesa ya Sande ilifanya kazi yake mwaka mmoja, nikajaribu miwili mingine kwa mikopo na vibarua, ikanishinda. Kwamba sasa naandika, nalipwa wakati mwingine, na wakati mwingine nalipwa mashine.

Alinyamaza. Mkono wangu nao ulikuwa umesimama bila mimi kujua.

"Usiache kuzungusha," akasema, akinyoosha kikombe chake. "Inashika pembeni."